Nukta Nyekundu Niliyoibandika Meru

Mdogo wangu alinipigia simu siku ya Jumatano, nikiwa katika chumba cha walimu nasahihisha insha, akaniambia kwamba Jumatatu ni sikukuu na kwa hivyo sina kisingizio. Nipande Meru Ijumaa, nikae mpaka Jumatatu. Yeye na wachoraji wenzake watatu walikuwa wamekodi ukumbi wa hoteli moja mjini ili waonyeshe picha zao, na Jumapili wageni wangetembezwa kwenye bustani za kijijini kwake Kiirua, wale chakula cha mchana huko na waonje mvinyo unaotengenezwa na jirani yake. Nilimwambia nitajaribu.

"Dada, usijaribu," akasema. "Kuja tu."

Nilipokata simu nilijua kwamba nitaenda, na nilijua pia kwamba nitateseka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huko Embu. Nilisomea ualimu wa kuchora, na miaka yangu ya kwanza kazini nilifundisha somo hilo, mpaka wanafunzi wake wakabaki wanne na shule ikalifuta. Tangu hapo nafundisha Kiswahili na dini. Naishi mtaa wa Dallas, hapo Embu mjini, ghorofa ya pili, vyumba viwili, na dirisha la sebuleni linatazama kamba za nguo za majirani. Bustani yangu ni mishubiri niliyopanda kwenye makopo ya rangi, nikayapanga kwenye ngazi. Siyasemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu ndiyo niliyokwenda nayo Meru kichwani, kila moja tayari kulinganishwa na kitu cha mdogo wangu.

Mdogo wangu hakusomea kuchora. Tulizaliwa upande wa Mbeere, kule chini kwenye joto, ambako watu wanalima ndengu na mtama na kufuga mbuzi, na mimi ndiye niliyempa kipande cha mkaa mkononi nikamwonyesha jinsi ya kuchora kuku kwenye ukuta wa jikoni. Yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na miwili. Mama alitugombeza, kisha akauacha ule ukuta bila kuusiriba kwa mwaka mzima. Mimi nikaenda chuo. Yeye alimaliza kidato cha nne, akauza mitumba Meru mjini, akaolewa na mkulima wa viazi wa Kiirua. Alikuwa amepita miaka thelathini, mtoto wake wa pili ameanza shule, ndipo aliponunua rangi na kuanza kufuata masomo ya kuchora kwenye simu. Sasa watu wanamwita msanii. Mimi niliyesoma, hakuna aliyewahi kuniita hivyo hata kwa mzaha.

Ijumaa jioni alinipokea mjini akiwa amevaa sweta pana lenye madoa ya rangi mikononi. Nikafikiri, mtu mwingine akivaa sweta chafu ataonekana hajali, lakini yeye akilivaa anaonekana ametoka kazini. Njia nzima hadi Kiirua aliongea kuhusu wageni waliothibitisha kuja: daktari wa meno kutoka Nkubu, mama mmoja mfanyabiashara wa miraa kutoka Laare, walimu, watu wa shamba la maua. Nilimwitikia. Baridi ya mlimani iliingia dirishani na kunifikia mifupani.

Nyumba yao si kubwa. Ni ya mbao, kama nyingi za huko. Lakini kutoka barabarani hadi mlangoni alikuwa amepanda mawaridi kando ya ua wa miiba ya kayaba, na nyuma yake lavenda, na nyuma ya lavenda mistari ya vitunguu na minji, maua na mboga vimechanganywa hivi kwamba huwezi kujua anapenda kipi zaidi. Kisha akanionyesha chumba chake cha kuchorea. Kilikuwa ghala la viazi. Shemeji alikuwa ametoboa ukuta wa upande wa kusini na kuweka dirisha pana kama kitanda. Mdogo wangu alinieleza kwamba mumewe alikaa mle ndani siku tatu kabla ya kushika msumeno, akitazama mwanga unapoingia asubuhi na unapoondoka jioni, ili asikosee.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Ni mtu mkimya. Niliwahi kuwa na mume. Aliondoka zamani, na hata alipokuwepo hakuwahi kunitobolea dirisha. Nilisema ni dirisha zuri. Usiku huo tulikula mukimo na kuku wa kienyeji, chakula kitamu kabisa, nikasema pia ni kitamu. Nilisema ukweli jioni hiyo yote, na kila ukweli ulinigharimu.

Jumamosi tulifika ukumbini mapema. Picha zilikuwa zimetundikwa kuta zote nne, kila mchoraji na ukuta wake. Wengine watatu walikuwa wazuri wa kawaida: mlima wenye theluji, punda wa Kiirua na mikokoteni yao, vichaka vya miraa vinavyong'aa baada ya mvua. Hao sikuwaonea wivu hata kidogo, niliwasifu kwa moyo mweupe. Halafu nikageukia ukuta wa mdogo wangu.

Katikati palikuwa na picha ya mama. Haikuonyesha uso. Mama ameketi chini juu ya gunia, ametupa mgongo, anapepeta ndengu kwenye ungo. Leso yake imefifia kiasi kwamba huoni tena maua yake, unaona tu mahali yalipokuwa. Makapi yanapeperuka upande mmoja wa picha kama moshi wa kijani. Nilisimama pale nikasikia masikio yanapata moto, kwa sababu picha hiyo niliichora mimi. Nikiwa chuoni, likizo ya Agosti, nilikaa nyuma ya mama na daftari langu nikamchora kwa penseli akipepeta, mgongo hivyo hivyo, gunia hilo hilo. Mhadhiri wangu alikuwa ameandika chini yake maneno ambayo niliyakumbuka miaka yote: endelea na huyu. Sikuendelea naye. Na sasa mdogo wangu alikuwa ameendelea naye, kwa rangi, kwa ukubwa wa mlango, vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza. Kama angeichora vibaya ningemsamehe papo hapo.

Saa nne watu walianza kuingia. Shemeji ndiye aliyekuwa akikaa kwenye meza ya mlangoni, penye kitabu cha wageni na karatasi ya stika nyekundu za duara. Picha ikinunuliwa, inabandikwa nukta nyekundu kando yake ili wengine wajue imechukuliwa. Karibu saa sita shemeji aliitwa kwenda kuleta chakula cha wageni, na mdogo wangu akaniomba nikae mezani. Akanikabidhi ile karatasi ya stika. Alinishika bega, akaniambia kwamba ananiamini mimi kuliko mtu yeyote mle ndani, kisha akaenda kuongea na daktari wa meno.

Yule mama wa Laare alikuja akiwa amevaa koti zito na viatu vya matope, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Aliandika jina na nambari ya simu kitabuni, akazunguka ukumbi bila haraka, akafika kwa picha ya mama na kusimama. Alisimama muda mrefu hata nikaacha kujifanya napanga karatasi. Kisha akanijia, akanisalimu kwa heshima, nikajitambulisha kuwa mwalimu kutoka Embu, naye akaniambia kwamba mama yake mwenyewe alikuwa akikaa hivyo, mgongo kwa mlango, ukimwita anajibu bila kugeuka. Alikuwa amemzika mwaka uliopita. Akasema anaitaka picha ile, ila kwanza atoke nje ampigie binti yake simu, kwa sababu binti ndiye anayejua mahali pa kuitundika.

Alitoka. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akicheka huku kichwa kimerudi nyuma. Nilibandua nukta moja nyekundu, nikavuka ukumbi kama mtu anayetimiza kazi yake, nikaibandika kando ya picha ya mama. Nikarudi kuketi.

Ningetaka kuandika kwamba sikujua ninachofanya, lakini nilijua vizuri. Nilitaka picha ile isiende kwa mtu yeyote. Nilitaka irudi ghalani, igeuzwe uso ukutani, na mdogo wangu arudi nyumbani siku moja tu bila kupewa alichokitaka.

Mama wa Laare aliporudi aliiona nukta kutoka mbali. Alinitazama.

"Mwalimu, kwani imechukuliwa?"

"Imechukuliwa, mama," nikamwambia. "Pole."

Hakubishana. Alivuta koti lake, akasema basi, Mungu ampe aliyeipata furaha, akaondoka bila kula.

Sikuwa nimefikiria yatakayofuata. Mdogo wangu alikuja baada ya nusu saa hivi, akaiona nukta, akaweka mkono mdomoni. Aliniuliza ni nani. Nilisema ni mtu mmoja mwanamume, alikuwa na haraka, alisema atapiga simu. Uongo ulitoka ukiwa umevaa vizuri, sijui niliuvalisha wakati gani.

Jioni ile alifungua chupa ya mvinyo wa plamu aliyopewa na jirani yake. Tulikuwa mezani sisi watatu na wachoraji wengine. Mvinyo ulikuwa mwekundu wa kufifia, mkali kidogo, wenye harufu ya matunda yaliyoanguka chini ya mti. Alitumiminia wote, akasema kwamba kati ya picha zote, ile ya mama ndiyo aliyoogopa kuionyesha. Kisha akachukua simu, akampigia mama kule Mbeere, akaweka sauti ili tusikie sote. Alimwambia kwa Kimbeere kwamba ile picha yake imepata nyumba. Mama hakuelewa mwanzoni. Alipoelewa akacheka kwa aibu, akauliza ni mtu gani huyo anayetaka kutazama mgongo wa mwanamke mzee kila siku. Halafu akauliza kama mimi nipo. Nikasema nipo, mama. Akasema, "Umefanya vizuri kumfundisha mwenzako."

Wote mezani walinigeukia wakitabasamu. Nilikunywa mvinyo wangu wote kwa mara moja, nao ukanichoma.

Jumapili baada ya kanisa wageni kama ishirini walikuja Kiirua. Tulianza na bustani ya jirani, mwanamke mstaafu aliyekuwa muuguzi, ambaye ana matunda damu na plamu zimepandwa kwa mistari, na nyuma ya nyumba chumba chenye giza chenye mitungi mikubwa ya kioo ikichemka polepole bila moto. Alitueleza kwamba alijifunza kwa kuharibu. Mwaka wa kwanza alipata siki tupu. Tulionja wa plamu, tukaonja wa matunda damu, na mzee mmoja akasema kilichokosekana ni muratina tu, pombe ya asali ya wazee. Watu wakacheka. Kisha tukarudi kwa mdogo wangu, meza ndefu chini ya miti yenye kivuli, samaki aina ya trauti wa kuchoma kutoka mabwawa ya huko juu, viazi vidogo vya shambani vimemwagiwa siagi, saladi yenye maua ya kuliwa ambayo wazee waliyatoa na kuyaweka kando ya sahani kwa adabu.

Yote yalikuwa mazuri, na mimi sikumaliza sahani yangu. Kila simu ya mdogo wangu ilipolia aliitazama haraka. Kabla ya chai alinijia nikiwa nimesimama peke yangu kwenye mistari ya minji, akaniuliza kama yule mnunuzi aliandika jina kitabuni, maana amelitafuta halioni, na anaogopa asije akawa amebadili nia.

Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama minji, si yeye. Kwamba hakuna mwanamume, kwamba niliibandika nukta mwenyewe, kwamba mama wa Laare aliitaka nikamfukuza kwa uongo. Na kwa kuwa aibu ilikuwa imenijaa hata nikatafuta mahali pa kuimwaga, nikaongeza kwamba picha ile ni yangu, niliichora mimi kwanza, kwenye daftari, nikiwa chuoni.

Hakupaza sauti. Alizunguka akaja kusimama mbele yangu, nikalazimika kumtazama.

"Hilo daftari sijawahi kuliona," akasema. "Mama alikuwa anakaa hivyo kila siku, dada. Mimi pia nilikuwa pale. Mimi pia ni mtoto wake."

Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimeishi kana kwamba mgongo ule uligeuziwa mimi peke yangu.

Kisha akasema lililobaki, na sauti yake ikaanza kukatika. "Kama hukuipenda ungeniambia. Ningelia, nikamaliza. Lakini uliniacha nikampigia mama simu. Ulikaa hapo ukanitazama nikimpigia mama."

Nilimwambia nitampigia mama nimweleze. Akakataa. Alisema mama asiguswe na jambo hili hata kidogo, libaki letu. Alichotaka ni nimpigie mama wa Laare, wakati ule ule, mbele yake. Tulienda ndani tukafungua kitabu cha wageni, nikapiga.

Nimewahi kusimama mbele ya wazazi na kuwaambia mtoto wao amefeli. Haikuwa ngumu kama simu ile. Nilijitambulisha, nikasema kwamba picha haikuwa imechukuliwa, kwamba nilimdanganya, na kwamba nilifanya hivyo kwa wivu. Sikutafuta neno laini. Upande wa pili nilisikia watu wakiongea Kimeru kwa mbali na pikipiki ikipita.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "jana nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu na mtu nisiyemjua. Kumbe ni wewe."

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Aliuliza maonyesho yanafungwa lini. Nikamwambia kesho adhuhuri. Akasema hajui kama atapata nafasi, akakata.

Mdogo wangu alirudi kwa wageni. Nilimwona kupitia dirisha akimimina chai, akimsogezea mzee mmoja kiti, akicheka mahali panapostahili kuchekwa. Mimi niliosha vyombo. Niliosha vyote, hata visivyokuwa vyangu kuosha, wanawake wa jirani wakiniambia niache nipumzike, nami nikiendelea. Usiku aliniwekea blanketi la ziada kitandani kama kawaida, lakini hakuketi kuongea.

Jumatatu tulikuwa tunateremsha picha mama wa Laare alipoingia, na binti yake nyuma. Hakunisalimu kwanza, alimsalimu mdogo wangu, akamshika mikono miwili na kumwambia habari za mama yake, akipepeta mahindi, akijibu bila kugeuka. Waliongea kwa muda mrefu mbele ya picha kama watu waliofahamiana zamani. Nilisimama kando na karatasi za kufungia. Ndipo mdogo wangu akaniambia niifunge.

Niliifunga mimi. Ilinichukua muda kwa sababu nilitaka pembe zote zikae sawa. Nilikuwa karibu nayo kuliko nilivyowahi kuwa, nikaona vitu ambavyo daftari langu halikuwa navyo: kisigino cha mama kilichopasuka, uzi uliotoka kwenye gunia, na jinsi shingo yake inavyoinama upande wa kushoto. Ule upande ulianza kumuuma miaka ambayo mimi nilikuwa nimeshaondoka nyumbani. Hilo nisingeweza kulichora. Sikuwepo.

Tuliibeba mimi na binti hadi kwenye pikapu, tukailaza juu ya magunia matupu. Mama wa Laare alinipa mkono kabla ya kupanda. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Haya mwalimu, salimia Embu," na gari likaondoka.

Kwa hivyo uongo nilioutamka Jumamosi ulikuwa kweli kufikia Jumatatu, na mama kule Mbeere hajui mpaka leo kwamba kulikuwa na siku mbili katikati. Kwetu sisi wawili siku hizo bado zipo. Mdogo wangu alinisindikiza hadi stendi, akaninunulia ndizi za njiani, akaniambia nifike salama. Kwa wiki tano hakunipigia simu. Nilizoea kuitazama simu yangu wakati wa mapumziko, na walimu wenzangu wakadhani nimepata mtu.

Alipopiga hatimaye, alianza na habari za watoto na mvua, kisha akasema amealikwa kuonyesha picha zake Nairobi, mahali panapojulikana, picha kumi na mbili. Nilisikia ule wivu ukiamka, pale pale, kama mbwa aliyesikia lango. Nilimpongeza. Nadhani alisikia jinsi nilivyovuta pumzi kabla. Halafu akasema wanataka maelezo mafupi ya Kiswahili kando ya kila picha, na kuandika si kazi yake, angependa niyaandike mimi, na jina langu litawekwa.

Sijui kama ni msamaha au ni njia yake ya kuniweka mahali ambapo anaweza kuniona. Sikumuuliza. Hadi sasa nimeandika maelezo ya picha kumi na moja. Nimeandika vizuri, najua, kwa sababu mara mbili nimeinuka kwenye kiti na kuzunguka sebule kwa furaha. Iliyobaki ni picha ya bustani yake ya Kiirua, mawaridi na lavenda na minji pamoja, mwanga wa asubuhi juu yake. Nimeianza mara nne. Kila mara sentensi yangu ya kwanza inatafuta dosari kwenye picha, nami naifuta, naenda kunywa maji, narudi kuketi. Anayasubiri maelezo hayo kufikia Ijumaa.